Pipi, Siyo Bombo

Ernestina hapimi sukari kwa saa wala kwa kijiko. Huchovya ncha ya mwiko ndani ya sufuria, akadondosha tone moja kwenye kikombe cha maji baridi, kisha akasikiliza. Tone likizama na kulainika, bado. Likigonga chini ya kikombe likalia kama kijiwe, sufuria inatoka motoni papo hapo, maana ukichelewa kidogo tu, ukageuka kumjibu mtu mlangoni, sukari imeungua, imekuwa chungu, na hakuna dua ya kuirudisha. Kwa hiyo akiwa jikoni Ernestina haitikii mtu. Majirani wa mtaa wake pale Rumonge, nchini Burundi, walikuwa wakisema ni maringo ya watu waliokulia Tanzania. Ilikuwepo sababu nyingine ya kutoitikia, nayo ilikuwa jina walilomwitia.

Alizaliwa upande wa pili wa ziwa, huko Mishamo, katika makazi ya wakimbizi ambako wazazi wake waliishia baada ya kukimbia mauaji ya mwaka wa sabini na mbili. Kirundi alikipata kwa mama yake. Kiswahili alikipata shuleni, gengeni, na zaidi ya yote jikoni kwa Mwamini, mwanamke wa Ujiji aliyeolewa na mfanyabiashara wa pale. Mwamini alikuwa fundi wa vitu vitamu, na alikuwa mkali. Ukikoroga shira iliyokwisha kuanza kuchemka alikuchapa vidole kwa mwiko, kisha akakueleza kwa nini. Kwake Ernestina alijifunza kaimati za kutumbukiza kwenye shira ya iliki, visheti, kashata za karanga, na kile alichokipenda kuliko vyote, pipi za kuvuta. Hizi unachemsha sukari na maji ya ndimu na tangawizi, unaimwaga kwenye sinia, unangoja ipoe kiasi cha kushikika, halafu unapaka mikono mafuta na kuivuta, unaikunja, unaivuta tena, mpaka ianze kung'aa na mabega yakuume. Mwisho unaisokota kama kamba na kuikata kwa mkasi.

Akaolewa na Yonasi, mtoto wa wakimbizi kama yeye. Huko huko Mishamo walipata mtoto wa kike mwenye nywele nyingi, aliyefariki kabla ya siku ya kupewa jina. Walimzika, na baada ya muda mfupi habari za kurudi Burundi zikapamba moto, malori yakaja, wakarudi. Mtoto mwingine hakuja. Rumonge hakuna aliyejua kwamba Ernestina aliwahi kuzaa, na Yonasi, ambaye si mtu wa maneno mengi hata akiwa na furaha, hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele ya mtu yeyote. Hata kati yao wawili lilikuwa gumu kulizungumza. Utamzungumziaje mtu asiye na jina?

Sasa, mwanamke wa Rumonge aliyeolewa haitwi jina lake. Anaitwa Mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na asiye na mtoto anabaki kuitwa muke wa fulani mpaka azeeke. Ernestina alikuwa muke wa Yonasi. Wifi yake Agnesi, dada mkubwa wa Yonasi aliyerudi Burundi miaka mingi kabla yao, alikuwa na watoto wa kujaza benchi zima kanisani, na hakukosa namna ya kumkumbusha. Ernestina alitamani kitu kimoja tu, aitwe Mama wa mtu. Hakutamani gari wala nyumba ya ghorofa. Usiku akilala aliweza kulisikia jina hilo likiitwa uani, isipokuwa pale mahali pa jina la mtoto palikuwa kimya.

Yonasi alipata kazi kwenye kinu cha kukamulia mawese, na kila mara alirudi na chupa ya mawese mekundu. Siku moja Ernestina alikosa mafuta mengine, akapaka mikono hayo. Pipi ikatoka na nyuzi za rangi ya chungwa ndani yake, ikawa na ladha ya kukwaruza kidogo iliyopatana na tangawizi utadhani walizaliwa pamoja. Mwamini angeitupa pipi hiyo kwa kuku. Ernestina alikula vipande vitatu amesimama, akajua amepata kitu cha kwake mwenyewe. Sukari nayo Burundi ina tabia ya kutoweka madukani bila kuaga, kwa hiyo ilimbidi aiwekeweke kidogo kidogo mpaka ikatosha sinia moja kubwa. Alikuwa na mpango. Ilikuwa Bonane yao ya kwanza kanisani pale, siku ya mwaka mpya, ambapo baada ya ibada akina mama hula pamoja uani, na kila mmoja husimama kutaja alicholeta, wenzake wakampigia makofi. Ndiyo njia ya kumfahamu mgeni.

Wakasimama wa mandazi, wa ndizi za kukaanga, wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ikafika zamu ya Ernestina. Alivaa kitenge kipya. Akasimama na sinia lake lililofunikwa kitambaa, akasema kwa Kiswahili safi alichofundishwa Mishamo: "Mimi nimewaletea pipi. Nimeitengeneza mwenyewe nyumbani asubuhi hii, bado ina uvuguvugu. Karibuni muonje."

Hakuna aliyepiga makofi. Msichana mmoja wa kwaya alitoa sauti puani, na baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia mwenziwe. Maana Rumonge, ambako Kifaransa kimeingia mpaka kwenye chungu cha mtoto, pipi ni mkojo, kile anachokimbizwa nje mtoto kwenda kukifanya. Kitu kitamu cha kumung'unya kinaitwa bombo. Ernestina, ambaye hakuwa na Kifaransa hata cha kuombea maji, alidhani hawajamwelewa, akafunua sinia kuwaonyesha, na vitu vilivyokuwamo vilikuwa vya manjano. Watu walishikana mabega. Mzee wa kanisa alitoka nje. Sinia lile lilirudi tupu, kwa sababu walipomaliza kucheka walionja, na walipoonja walirudia, lakini hilo hakuna anayelisimulia.

Kesho yake Agnesi alimwita kutoka barabarani kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Mama Pipi!" Akaingia uani akifuta machozi ya kicheko, akasema, "Wifi, sasa na wewe uko mama ya mutu."

Yonasi alikuwepo, naye alicheka. Hilo ndilo lililomuuma Ernestina kuliko yote, zaidi ya kanisa zima. Alimpikia mumewe ugali na ndagala kama kawaida, ila maneno aliyamnyima mpaka yule bwana akaanza kuwasemesha kuku. Jina lilienea. Walioliita walisahau haraka walikolitoa, kama ilivyo kawaida ya majina ya utani, lakini yeye hakusahau. Mishamo alifundishwa kwamba mwanamke akiitwa anaitikia "Abee". Kwa jina hilo hakuitikia hata mara moja. Aligeuza kichwa kumtazama aliyemwita, au hakugeuza. Sufuria ya shira aliiosha, akaifunika juu ya kabati, na akaanza kusema bombo kama watu wote alipolazimika kuvitaja vitu hivyo dukani. Miaka ikapita hivyo, na ilikuwa miaka mingi.

Halafu ukaja mwaka ule watu wa Kivu walipovuka mpaka kwa wingi wakikimbia vita. Miongoni mwao alikuwa Elda, mwanamke wa Uvira, na binti yake Anita aliyekuwa bado hajaota meno yote ya nyuma. Walipanga chumba kilichopakana ukuta na Ernestina. Elda hakukaa kulia. Aliingia kwenye biashara ya ndagala, akiwahi mwaloni alfajiri kupokea mitumbwi, na mara nyingine alishuka mpaka Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania, akalala huko akisubiri mali. Mtoto alimwachia Ernestina. Hawakukaa kupatana juu ya hilo. Asubuhi moja mtoto alikuwa upande wa pili wa ukuta akinywa uji, na ikawa hivyo.

Elda naye alimwita Mama Pipi, kwani ndivyo alivyowasikia wenyeji. Ila namna yake ilikuwa ya ajabu. Alilitamka jina hilo taratibu, akishusha sauti na kuinamisha macho. Ernestina aliamini mwanamke yule anajikaza asicheke, akamsamehe, maana alimpenda mtoto wake.

Ni Anita aliyeiona sufuria juu ya kabati na kuuliza ni ya nini. Ernestina alifungua mdomo aseme haina kazi, akajikuta anaishusha. Mchana ule mvua ilikuwa inanyesha, mbabula, lile jiko la makaa, limekokwa vizuri, na kulikuwa na sukari. Walianza na kaimati. Mtoto alizihesabu kwenye karai kwa kuzinyooshea kidole, akala mpaka shira ikamfika viwikoni, akalala usingizi mdomo ukiwa wazi. Siku nyingine zikawa kashata, karanga akizimenya Anita na nusu zikiishia tumboni. Mara ndizi mbivu zilizopitiliza zilipondwa na unga na kukaangwa kwenye mawese mpaka kingo zikakauka. Na hatimaye pipi za kuvuta. Mtoto alipakwa mawese mikono yote miwili, akapewa ncha moja, Ernestina akashika nyingine, wakarudi nyuma, mmoja mpaka mlangoni na mwingine mpaka dirishani, sukari ikiwa imetanda katikati yao, kisha wakakimbiliana kuikunja. Tuseme wazi kwamba Ernestina alikuwa na furaha. Na kwa kuwa alikuwa na furaha hakuuchunga ulimi wake. Neno likatoka kama lilivyokuwa kinywani mwake tangu utoto. Akasema pipi.

Anita akaanza shule ya gadiyene, ile ya wadogo kabisa. Mfukoni alibeba vipande vilivyoviringishwa kwenye karatasi, na kwa kuwa alikuwa mgeni aliyetaka marafiki, aligawa. Baada ya hapo darasa lile halikuwa na amani. Mtoto aliinua mkono, "Madamu, pipi," na mwalimu, Madamu Providence, akamshika mkono akampeleka chooni, na mtoto akasimama pale akilia kwamba siyo hii. Alirudishwa, mwingine akainua mkono. Madamu Providence alichukua muda kugundua wanachotaka. Alipogundua aliwakaripia kwamba hayo wakale kwao, na siku hiyo hiyo mtoto aliyeinua mkono kwa shida ya kweli aliambiwa akaile kwao, akaifanya palepale kwenye kiti. Mzazi wa mtoto huyo alikuja juu. Mwalimu akatuma ujumbe kwamba mzazi wa Anita afike shuleni.

Elda alikuwa Kabonga. Akaenda Ernestina. Hakuogopa kuchekwa, kuchekwa alikwisha kukuzoea. Aliogopa kwamba neno lile lile lililomwaibisha kanisani sasa litamwondolea mtoto. Elda akirudi na kuambiwa mwanawe anafundishwa maneno ya aibu na jirani, atafanya nini kama si kumtafutia mtu mwingine wa kumlea?

Madamu Providence hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Aliuliza, "Wewe uko nani ya uyu mutoto?" Ernestina akajibu kwamba ni jirani tu. Mwalimu akamtazama, akasema ni ajabu, maana watoto walipoambiwa wachore watu wa nyumbani kwao, Anita alichora akina mama wawili, na mmoja kamshikisha kitu kirefu cha rangi ya chungwa. Kisha akaeleza tatizo. Ernestina alimuomba msamaha kwa Kirundi na kwa Kiswahili, akaahidi mtoto hatalisema tena neno hilo.

Alirudi na Anita, akamkalisha kwenye kigoda, akaanza kumfundisha. Alimshikisha kipande mkononi, akamwambia hiki kinaitwa bombo. Sema bombo.

"Hapana," Anita akasema. "Bombo iko ya duka. Hii iko pipi."

Ernestina akamweleza tena, sasa kwa ukali kidogo kama wa Mwamini. Mtoto akang'ang'ania kwamba bombo ina plastiki na haivutwi. Ndipo Ernestina, kwa kuwa alikuwa ameamua kulimaliza jambo hilo moja kwa moja, akaongeza kwamba hata yeye asiitwe tena Mama Pipi, aitwe tanti, yaani shangazi. Anita akamwangalia, akaangua kilio cha mtu aliyeporwa. Wakati huo huo Elda akatokea mlangoni na kapu la ndagala kavu kichwani, akitoka Kabonga.

Mtoto alimkimbilia akishtaki kwa kwikwi kwamba Mama Pipi anasema pipi siyo pipi na yeye mwenyewe siyo Mama Pipi. Elda akatua kapu. Ernestina akaanza kujieleza haraka haraka, mambo ya shule, mambo ya mwalimu, kwamba kosa ni lake na halitatokea tena, na kwamba amemkataza mtoto jina lile. Hapo Elda akamkatiza. Alikuwa amekasirika, lakini siyo kwa lile ambalo Ernestina aliliogopa.

"Unakatazaka namna gani jina ya mutoto wako?" akauliza.

Ernestina hakuelewa. Elda akakaa chini sakafuni, akamvuta Anita magotini, na akaanza kusema kwa sauti ile ile ya chini. Kwao Uvira majina ya kubembeleza ni mengi, kuna akina Fifi, akina Kiki, na akina Pipi pia wapo, kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliposikia jirani akiitwa Mama Pipi alijua Pipi ni mtoto. Akatazama nyumba, hakuona mtoto, hakuona hata kiatu. Akaona mwanamke anaitwa jina hilo na haitikii. Akaelewa kwamba mtoto alikufa, na kwamba kidonda hakijapona, na mtu hawezi kuingia kwa watu na kuuliza jambo kama hilo. Anita alipoanza kuviita vile vitamu pipi, alidhani mtoto amevipa jina la mama mwenyewe. Na alimfundisha Anita kila wanaposali kabla ya kulala amtaje na Pipi, mtoto wa Mama Pipi, apumzike vizuri. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu waje.

"Nilikuwa naogopa kukuuliza," Elda akasema. "Pipi alikuwa mutoto mwanamuke ao mwanaume?"

Ernestina alikuwa bado ameshika kile kipande cha pipi, kimeanza kumnata vidoleni kwa joto. Angeweza kucheka wakati ule, akaeleza habari ya sinia na kanisa na Kifaransa, wakacheka wote wawili, na jambo likaisha. Alifungua mdomo kwa nia hiyo hasa. Lakini kuna watu wawili, upande wa pili wa ukuta, waliokuwa wakimwombea mwanawe siku zote hizo, na hakuna mwingine duniani aliyewahi kumwombea mtoto yule kwa jina.

"Alikuwa wa kike," akasema. "Alikuwa na nywele nyingi."

Akalia, na hakuona haya. Kisha alimweleza Elda yote ya Mishamo, mtoto alivyonyonya, alivyokuwa akikunja vidole, mahali walipomzika. Ya kanisani hakuyasema siku hiyo. Elda angeyasikia tu, Rumonge si mji wa kuficha mambo, na aliyasikia kweli baadaye, akacheka mpaka akakaa chini, lakini sala hakuibadilisha. Yonasi aliporudi kutoka kinuni aliwakuta hivyo, macho mekundu, ndagala hazijapakuliwa. Ernestina alimwambia kwamba mtoto wao anaitwa Pipi. Yonasi alisimama na chupa yake ya mawese, akalirudia jina hilo mara moja, polepole, na hakucheka.

Kuhusu shule, Anita alikubali kusema bombo akiwa darasani, kwa kuwa darasani wanasema mambo mengi yasiyosemwa nyumbani. Mwenyewe alikwisha kupanga kwamba Kifaransa ni cha Madamu, Kirundi ni cha wenzake wa uwanjani, na pipi ni ya Mama Pipi.

Jumamosi iliyofuata Agnesi alikuja kuomba chumvi, kama alivyozoea. Ernestina alikuwa jikoni, sukari imefika pale pabaya, na Anita yuko mlangoni amekwisha kupakwa mawese mikono anangoja. Wifi alianzia barabarani kama desturi yake, kwa sauti ile ile ya tangu miaka yote, "Mama Pipi!"

"Abee," Ernestina akaitikia.

Agnesi alisimama langoni kana kwamba amekosea nyumba. Ernestina akamwambia aingie, chumvi iko pale kwenye kopo, ila asimsemeshe kwanza. Alipotazama tena kwenye sufuria, sukari ilikuwa imeungua.